Wawili wa Rangi ya Chungwa

4 Februari

Binti yangu yuko ukutani!

Ndiyo, nimeanza hivyo. Salamu zitakuja nyuma zikitembea polepole, maana hazina habari kubwa kama hii. Ukutani, mdogo wangu! Hospitali kubwa, kliniki ya macho, ukuta ule unaotazamana na mlango, mahali ambapo kila anayeingia, awe mgonjwa, awe daktari, awe mtu aliyepotea anatafuta choo, lazima amwone. Si yeye mwenyewe, ni kazi yake: picha aliyoichora kwa mkono wake, imewekewa kioo na fremu. Fremu yenyewe mbaya, mbao nyepesi. Ningekuwa na ndugu seremala anayejibu barua, hospitali ingepata fremu ya maana.

Haya, salamu. Hujambo? Wifi yangu hajambo? Wanao watatu hawajambo? Yule mkubwa bado anafuga zile ndevu zake chache? Sisi huku wazima. Saluni inakwenda, ingawa kiti cha pili kimevunjika mguu na nimekiegemeza kwa tofali, na mteja akicheka sana anayumba. Simu sikupigii. Tulikubaliana baada ya ile ya mwisho, majirani walipokuja na marungu wakidhani nimevamiwa. Barua ni bora. Kwenye barua huwezi kunikatiza.

Turudi ukutani. Kazi ya binti yangu unaijua, lakini nitakueleza tena kwa sababu napenda kuieleza. Madaktari wanaujua ugonjwa ila hawajui kuusema. Wanamwambia mgonjwa, "Ugonjwa huu ni wa kurithi, uwezekano wa ndugu zako kuupata ni asilimia kadhaa." Mgonjwa anaitikia, "Ndiyo, daktari." Akitoka nje anamuuliza mlinzi hiyo asilimia ni ya kunywa au ya kupaka. Hapo ndipo anapoitwa mwanangu. Yeye anaichora ile hatari mpaka mtu aione kwa macho. Wenye digrii zao wamekaa kimya wanamsubiri anoe penseli!

Picha yenyewe ni hivi: watu kumi wamesimama kwa mstari, eti ni ndugu. Wanane wa kijivu, wawili wa rangi ya chungwa, chungwa lililoiva, linang'aa. Na sura kaziazima nyumbani kwetu! Kibibi mwenye mkongojo ni marehemu Mama mtupu. Mwanamume mwenye kofia ni wewe, tumbo na yote. Mama na wewe ndio mlikuwa mmepakwa chungwa. Mimi nimesimama katikati, na nilipokwenda chumbani kwake kuitazama kabla haijapelekwa, nikajikuta wa kijivu. Kijivu, mdogo wangu, kama maji yaliyokwisha kufuliwa nguo! Nikamwambia, "Mwanangu, mimi niliyekuzaa ndio nimekuwa wingu?" Akasema, "Mama, rangi ile ina kazi yake." Nikasema, "Na mimi sina kazi?" Akacheka, akatoka kupokea simu.

Brashi ilikuwa mezani. Sikuitafuta.

Nikajipaka gauni. Nilipaka vizuri mno, sikutoka nje ya mstari hata kidogo, ungedhani nimesomea. Aliporudi akashika kichwa. Akasema wa chungwa lazima wawe wawili, hawawezi kuwa watatu, na picha inatakiwa kesho yake. Basi ikabidi mmoja arudishwe kijivu. Mama hakuguswa, ni marehemu, ana heshima yake. Ukaguswa wewe. Usinune. Kofia imebaki.

Maelezo ya chini sikuyasoma, herufi zenyewe ndogo kama sisimizi, na nani anahangaika na maelezo wakati picha ipo? Nimewaambia wateja wangu wote: ukifika kliniki, yule wa chungwa pale katikati ndiye mimi. Wengine wamepanda basi kabisa kwenda kuniona.

Nimekuwekea nakala ndogo humu. Itundike karakana, wateja wako nao wajue unatoka ukoo gani.

Dada yako,
Mama wa Aliye Ukutani

27 Februari

Dada Spika,

Shikamoo. Umeona? Nimeanza na salamu. Sijui nilijifunza wapi, maana aliyenilea ni wewe.

Sisi wazima. Mkubwa kanyoa ndevu, zote nne. Wifi yako anakusalimu. Mimi nina alama kwenye paji la uso kwa sababu kuna mtu aliacha mlango wa kabati wazi, na nyingine gotini kwa sababu kuna mtu aliacha kigoda njiani. Nyumba hii siku hizi kila mtu anaacha vitu njiani. Nimewakemea wote, hata paka.

Barua yako imefika, na jina lako la utotoni bado linakufaa: nimeifungua tu nikaisikia mpaka nje. Hongera kwa mwanao. Hiyo nasema bila utani, mpwa wangu ana mkono. Tumbo langu kalipata sawasawa, ingawa sikumbuki kumpa ruhusa.

Sasa, dada. Wifi yako ana tabia moja mbaya, anasoma maandishi madogo. Kayasoma ya chini ya picha, akanisomea kwa sauti, akarudia kwa sababu nilidhani ananitania. Yanasema hivi: "Ukiwa na presha ya macho, ndugu zako wa damu wako hatarini. Katika ndugu kumi kama hawa, wawili hivi wataipata. Hao wameonyeshwa kwa rangi ya chungwa. Ugonjwa hauumi. Unakula macho kuanzia pembeni, kimyakimya. Waambie ndugu zako waje wapimwe."

Kumbe rangi ile ina kazi yake kweli. Kazi yake ni kutuonyesha wanaoelekea kupofuka. Na wewe, mtu mzima na akili zako, umeshika brashi ukajiuguza mwenyewe, bila daktari, bila kutoka nje ya mstari. Halafu ukatangaza saluni! Watu wamelipa nauli kwenda kumtazama mgonjwa. Natumaini walibeba matunda.

Kwa upande wangu, asante. Kumbe nilikuwa mgonjwa na sina habari, dada yangu akapita na brashi, nikapona. Sijawahi kusikia matibabu ya haraka namna hiyo. Nakala nimeitundika karakana kama ulivyoagiza, na kila nikigonga kitu naitazama: kijivu. Mzima kabisa.

Ndugu yako,
Aliyeponywa

9 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo na wote hapo? Sikununa. Nimechelewa kwa sababu ya shughuli, na usicheke, bado hujasikia ni shughuli gani.

Matunda yalikuja. Umefurahi? Yule mteja wangu wa kila Jumanne, nikiwa nimemsuka nusu kichwa, kanishika mkono akasema, "Pole sana mama, tupo pamoja." Nikamuuliza pamoja kwenye nini. Akaangalia sakafu. Kesho yake kaniletea ndizi na papai, kayaweka mbele yangu polepole, akisema, "Nimeweka hapa, mkono wa kulia." Jirani wa duka la vyombo kanivusha barabara kwa kunishika kiwiko, nami sikuwa naenda ng'ambo! Ilibidi nirudi peke yangu. Na saluni nayo: nani anataka kunyolewa na mtu wa chungwa?

Basi nikasema liwalo na liwe, nitakwenda kliniki nipimwe, nipewe cheti kwamba mimi ni wa kijivu, nikibandike kwenye kioo cha saluni.

Mdogo wangu, nilivyopokewa! Viti vya bluu, vya kubonyea. Choo kina sabuni. Nilipopita chini ya picha nikasimama pembeni yake kidogo ili watu walinganishe. Kisha nikaingia. Nimeweka kidevu kwenye mtambo, nimetazama taa, nimepulizwa upepo machoni, nimeambiwa nibonyeze kitufe kila nikiona kinukta. Daktari mwenyewe, si msaidizi, ananukia vizuri, kaniangalia jicho hili, kaniangalia lile, karudia. Kisha akafungua mlango akamwita daktari wa pili aje aone. Wawili! Kwa ajili ya macho yangu! Niambie nani mtaani kwetu amewahi kuitiwa daktari wa pili.

Kaniuliza pia habari za Mama, alianza kutoona lini. Nikamwambia ilivyo, kwamba Baba alipofariki Mama alilia mpaka macho yakaisha, ukoo mzima tunajua. Akaniuliza taratibu, "Na kabla ya msiba, alikuwa hagongi vitu?" Nikasema Mama alikuwa mtu wa haraka tu, milango haikumpisha. Daktari akachukua kalamu. Aliandika.

Nimepewa na kichupa kidogo, kizuri ajabu, nakiweka kwenye mkoba. Binti yangu kanisindikiza mpaka kituoni, na wote pale wakamwamkia kwa heshima.

Nawe je? Paji la uso limepona? Na tangu lini umeanza kuandikia mezani? Barua yako, wifi kaongezea maneno ya mwisho wa kila mstari kwa kalamu nyekundu, anasema wewe uliyaandika nje ya karatasi, kwenye mbao za meza. Kama karatasi zimeisha sema nikutumie.

Dada yako

2 Mei

Dada Spika,

Shikamoo. Wazima wote. Kidole changu kimoja cha mkono wa kushoto kimefupishwa kidogo na msumeno, kitaota kucha nyingine, usipige yowe. Mteja mmoja karudisha kitanda, eti upande mmoja haukupitishwa randa. Nimemwambia alalie upande mwingine.

Kuandikia mezani ni kosa la meza. Iko karibu mno.

Sasa barua yako. Kurasa mbili. Najua kiti ni cha bluu. Najua choo kina sabuni. Najua daktari ananukiaje. Neno moja tu halimo: alisemaje? Wewe, mtu ambaye hujanyamaza tangu uzaliwe, umefika kwenye jambo lenyewe ukalizunguka kama dimbwi. Dada, mtu mzima wa afya haitiwi daktari wa pili. Hata sisi mafundi hatuitani kutazama mbao nzima, tunaitana kwa iliyopasuka. Na kichupa hakitolewi kwa ajili ya kupendezesha mkoba.

Kwa hiyo wewe ni wa chungwa kweli. Pole, dada yangu. Hiyo pole imetoka moyoni. Isome mara moja, kisha tuendelee, maana sina nyingine.

Tuendelee basi, kwa kuwa habari ni njema. Picha ya mwanao inasema wawili. Mama wa kwanza, wewe wa pili. Nafasi zimejaa, wafunge mlango. Ulichukua brashi, ukachukua nafasi yangu, na daktari kaidhinisha. Nani ana dada kama mimi? Umeubeba ukoo mzima mgongoni, sisi wengine tumebaki kijivu mpaka tufe. Nitakutengenezea fremu ya bure.

Basi usiniambie habari za kuja huko kubonyea kwenye kiti cha bluu. Nina kazi. Na usimtume binti yako anibembeleze, namjua, ana macho ya kuomba. Seremala anaona kwa kiganja. Naweza kupiga randa nimefumba macho.

Ndugu yako,
Kijivu

21 Mei

Mdogo wangu mkaidi,

Hujambo? Wifi hajambo? Watoto? Kidole? Mimi sijapiga yowe, nimepiga kelele kidogo tu, na wateja wamezoea.

Ndiyo. Mimi ni wa chungwa. Basi, nimesema, umeridhika? Lakini usidhani ni chungwa la hivihivi. Daktari kasema nimewahi. Wengine wanakuja macho yamekwisha kuliwa nusu, mimi nimekuja yakiwa yameguswa ukingoni tu, na nikiweka matone kila siku nitazeeka nikiona. Amesema laiti wote wangekuwa kama mimi. Hata kuugua, mdogo wangu, nimeugua vizuri.

Ile hesabu yako nimempelekea binti yangu. Nilitegemea atacheka, mimi mwenyewe nilikuwa nimeicheka njia nzima. Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda chake cha kuchorea, barua magotini, akasema, "Mama, mjomba si wa kwanza. Kuna watu wanasimama mbele ya picha yangu, wanahesabu wale wawili, wanakumbuka wagonjwa wawili kwao, wanashusha pumzi, wanarudi nyumbani. Nilidhani naonyesha hatari. Kumbe nawaaga."

Umeona ulichofanya? Mwanangu, aliye ukutani, anafuta machozi kwa blauzi yenye rangi! Kwa hiyo nisikilize. Maneno ni yake, mimi naongeza sauti tu.

Picha ile si basi. Si kwamba viti viwili vikikaliwa kondakta anafunga mlango. Kila ndugu anafika mlangoni peke yake, na mlinzi wa mlango huo hana kumbukumbu hata chembe. Hajui Mama alipita. Hajui mimi nimepita. Kila anayekuja anamkagua upya kama vile ndiye wa kwanza duniani, na hatari ni ileile. Mimi kuwa nayo hakukukingi wewe. Kunakupa sababu ya kukimbia kwenda kupimwa. Na hivi, sikuchukua nafasi yako. Nilichukua brashi.

Halafu kuna jambo jingine. Nilimuuliza, katika sura zote za ukoo huu, kwa nini mwanzoni chungwa alikupaka wewe. Akaikunja barua yako. Nikamuuliza tena. Akasafisha brashi ambayo ilikuwa safi. Mwishowe akasema. Alipokuja kwenu mwishoni mwa mwaka jana, mlikuwa mnakunywa chai, wifi akaweka kikombe chako upande wa kushoto, ukakimwaga. Akaweka kingine palepale, ukakimwaga. Ukamfokea paka. Paka alikuwa nje.

Hakuthubutu kukuambia. Wewe ni mjomba wake, na upole haujawahi kuwa sifa yako. Akarudi akalisema kwa namna anayoijua, akalichora. Nami nikaja na brashi nikalifuta.

Hilo usinijibu. Nijibu hili: humu ndani kuna picha nyingine, kubwa, imekunjwa mara nyingi. Hii haitatundikwa ukuta wowote, kaichora kwa ajili yako peke yako. Usiifungue wewe. Wifi aibandike ukutani karakana usawa wa uso wako, wewe uje umefumba macho, usimame karibu kiasi cha mkono. Funika jicho moja kwa kiganja. Katikati kuna msumeno. Utazame huo huo, usihamishe jicho, halafu sema unaona nini kwingine. Kisha jicho la pili. Tuandikie ulichokiona, basi. Ukifaulu, sitakutajia macho tena. Naapa, na binti yangu ni shahidi.

Dada yako

5 Julai

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kwa sababu ya kazi. Imepungua, na kazi ikipungua mtu anakuwa na mengi ya kufanya.

Wazima wote. Mkubwa anakusalimu. Siku hizi yeye ndiye anayeshika msumeno, mimi namwelekeza. Anapinda kama barabara ya milimani, lakini vidole vyake vyote anavyo.

Ya chai nimeyasoma. Umesema nisijibu, sijajibu.

Mtihani wa mwanao nimeufanya, ili mniache nipumue. Wifi yako kaibandika, mimi nikaingia nimefumba macho, nikagonga meza, nikasimama. Nikafumbua jicho moja. Dada, msumeno ni mzuri. Nimeona kila jino, nimeona mpini, nimeona hadi kile kimsumari cha kwenye mpini. Mwambie hongera kutoka kwa mwenye kuijua misumeno. Lakini mpe na ushauri wa fundi. Karatasi kubwa vile, wifi yako anasema imefunika nusu ya ukuta, halafu unachora msumeno mmoja katikati, kwingine kote unaacha peupe? Hospitali wana karatasi za kuchezea? Mimi nikitumia mbao namna hiyo watoto hawali.

Jicho la kulia: msumeno, peupe. Jicho la kushoto: msumeno, na kitu kama kivuli upande mmoja, nadhani ni uchafu wa posta. Nimefaulu.

Wifi yako alikuwa amesimama nyuma yangu. Niliposema, "Msumeno tu, kwingine peupe," alicheka. Akasema, "Acha utani." Nikasema sitanii. Akauliza tena, "Peupe kweli?" Nikasema kweli. Kabla sijaondoa kiganja usoni akaibandua, akaikunja, akatoka nayo nje. Hataki kunionyesha tena, anasema kwanza niandike barua hii. Chakula cha siku hiyo kiliungua. Nikamuuliza mbona macho mekundu, akasema moshi. Moshi gani, nasi tunapikia gesi?

Nyie wanawake mna nini?

Natumaini sasa habari za macho zimekwisha. Fremu nimeianza. Kona moja inanisumbua.

Ndugu yako

14 Julai

Karatasi ile haina mahali peupe.

Leo tena nimeanza bila salamu, na safari hii si kwa majivuno. Nimechana barua kadhaa kabla ya hii. Za kwanza zilikuwa za matusi, ungezipenda.

Haina mahali peupe, mdogo wangu. Binti yangu kaijaza mpaka hapakubaki pa kupenyeza kidole. Ngoja nikuambie ulichosimama mbele yake. Kulia kwa msumeno ni mlango wa karakana yako, na wifi kasimama mlangoni na kikombe cha chai. Chini yake wanao watatu, mkubwa na ndevu zake nne, maana nilisahau kumwambia kwamba zimenyolewa. Juu ni rafu yako, randa, patasi, makopo ya misumari, yote. Kona ya chini ni paka, na safari hii yumo ndani. Kushoto ni Mama na mkongojo wake, anacheka, binti yangu hakumkuta akiona lakini kampa macho. Na kati ya Mama na msumeno, karibu kabisa, mkubwa kuliko wote, nimekaa mimi, na gauni langu la chungwa, mdomo wazi. Watu walipanda basi kwenda kuniona nikiwa mdogo kama kidole. Wewe nilikuwa mbele ya pua yako, ukaniita uchafu wa posta.

Tumo wote. Tumekuzunguka. Hukumwona hata mmoja wetu.

Najua sasa umekaa, na najua umeshika kofia. Kaa. Binti yangu kasema nikueleze hili vizuri: hukudanganya. Jicho linaloliwa pembeni halimwambii mtu kwamba kuna giza. Linajaza pengo kwa weupe, kwa ukuta, kwa chochote, mwenyewe anajiona mzima na kuilaumu meza. Ndivyo Mama alivyokuwa. Milango ilimpisha vizuri tu, yeye ndiye hakuiona. Halafu tukasema ni machozi ya msiba. Kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu nikujue, umetuambia ukweli mtupu, na ilibidi uwe umefunika jicho.

Nimempeleka binti yangu na barua yako kwa daktari, yule anayenukia. Kasema hawezi kuhukumu mtu asiyemwona, ila aje upesi. Sikufichi: kilichokwisha kupotea pembeni hakirudi, hata nikimpigia kelele, na nilijaribu. Lakini kilichobaki kinalindika, kwa matone, pengine na upasuaji. Na kilichobaki kwako ni msumeno, mdogo wangu, kila jino, mpini na kimsumari chake. Kwa seremala hicho si kidogo. Ndicho tunachokiwahi.

Na wale watatu usiwaache nyumbani. Nimekuambia habari za yule mlinzi wa mlangoni. Nao kila mmoja anafika kwake peke yake.

Sasa habari njema, usidhani nimezisahau. Binti yangu yuko ukutani kwa mara ya pili! Ile ya kwanza imeshushwa, kaomba mwenyewe. Mpya ni ndugu walewale kumi, sura zilezile, lakini kila mmoja amesimama mbele ya mlango wake, na hakuna aliyepakwa rangi yoyote. Hata mimi. Nilibisha sana. Chini kaandika kwa herufi kubwa kama za dukani, mpaka mimi nimezisoma bila kusogea: USIHESABU. NJOO. Leo asubuhi mama mmoja kasimama mbele yake, akageuka, akamwambia mumewe, "Wapigie ndugu zako." Mumewe akatoa simu palepale. Binti yangu alikuwa mlangoni, kaona. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeona akiona. Fremu hawana bado. Iletee ile yako, na ile kona inayokusumbua iache kama ilivyo, nitawaambia ni mtindo.

Kuhusu kukataa: wifi ameshaniandikia. Barua yake ni neno moja, "Tunakuja." Ukikataa utabaki na paka, mgombane naye vizuri. Kwenye basi kaa dirishani, wifi akae kushoto kwako akukinge na mabega ya watu. Mkiteremka msiulize njia, simama tu, nitakuwa nimevaa rangi unayoijua na nitapaza sauti, kwa hiyo hata usiponiona utanipata.

Viti vya bluu nimewashikia, majina yenu yote matano yameandikwa, nimemsimamia karani mpaka akayaandika. Tukitoka kliniki ni nyumbani kwangu. Chai itakuwa tayari, na kikombe chako sitakiweka kushoto wala kulia. Nitakiweka mbele yako, katikati, pale ulipokuwa msumeno.

Njooni wote, Jumamosi, tarehe mbili Agosti.